Maktaba ya mkoa na mfuko wa unga lishe

Karibu na kila ofisi ya halmashauri kuna steshenari, na ndani ya steshenari kuna mashine ya fotokopi inayonguruma tangu asubuhi. Watu wanatoa nakala za kitambulisho cha NIDA, cheti cha TIN, barua ya mtendaji wa kata, katiba ya kikundi. Mwenye duka analipa fremu kwa mashine hiyo na kusomesha watoto kwa mashine hiyo. Ni wachache wanaojua kwamba mashine yenyewe ina deni kwa maktaba ya umma.

Miaka ya 1930, jijini New York, Chester Carlson alikuwa ameajiriwa katika idara ya hataza, yaani haki za uvumbuzi, ya kampuni moja ya vifaa vya umeme. Kazi yake ilihitaji nakala nyingi za nyaraka, na kila nakala ilikuwa adha: ama ipigwe upya kwa taipureta, ama ipelekwe kwa mpiga picha, ambako gharama ni kubwa na kusubiri ni kurefu. Hakuwa na maabara wala mtaji. Alikuwa na jioni zake, na alikuwa na maktaba ya umma ya New York, ambayo haikumuuliza yeye ni nani. Akawa anakwenda huko kusoma kuhusu vitu ambavyo upitishaji wake wa umeme hubadilika vikipigwa na mwanga. Humo alikutana na maandiko ya mwanafizikia wa Hungaria, Pál Selényi, na wazo lake likapata pa kusimama. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga eneo la Astoria, akatoa nakala yake ya kwanza: “10-22-38 ASTORIA.” Kampuni nyingi zilimkatalia. Mashine ya ofisini iliyouzika kwelikweli, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959, miaka 21 baadaye.

Sasa kaa kwenye kiti cha mkutubi wa New York mwaka 1937. Mwisho wa mwaka anaandaa taarifa: wasomaji wangapi waliingia, vitabu vingapi viliazimwa. Carlson yumo humo kama tarakimu moja, sawa na aliyeingia kujikinga na mvua. Kama meya angeuliza maktaba imeufanyia nini uchumi wa mji mwaka ule, mkutubi asingekuwa na la kusema, maana jibu lilikuwa bado linanuka salfa katika jiko la nyumba ya kupanga, ambako Carlson alifanyia majaribio yake.

Habari hii ina mambo mawili ambayo huzungumzwa kwa pamoja mpaka yanavurugana. Kuna msaada ambao maktaba ya umma inampa mtu wa biashara, na kuna ushahidi wa msaada huo, yaani namna maktaba inavyoweza kumwonyesha anayeilipia kwamba fedha yake imezaa. La kwanza ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. La pili ni gumu kuliko wakutubi wanavyodhani.

Maswali ya mama wa unga

Chukua mfano wa mama anayesaga unga wa lishe: mahindi, soya, ulezi, karanga, mchele kidogo. Ameanza kwa kuwauzia majirani. Baada ya mwaka anataka kuupeleka supamaketi ya mjini. Hapo anagundua kwamba kati ya kinu chake na rafu ya supamaketi kuna maswali mengi, na kila swali lina ofisi yake.

Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, na bila namba ya NIDA huvuki. TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa na TRA, mamlaka ya mapato, bila malipo. Leseni iko halmashauri, kwa afisa biashara. Ubora ni wa TBS, shirika la viwango, na kwa mjasiriamali mdogo safari huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo. Supamaketi itataka msimbomilia, ile mistari myeusi ambayo namba yake, kwa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania, huanza na 620. Kama yuko kwenye kikundi, ipo mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ili uombe lazima uwe na katiba ya kikundi na andiko la mradi.

Hakuna siri hapo. Yote yameandikwa, yametangazwa, yamebandikwa ukutani. Lakini taarifa kuwa wazi ni jambo moja, na taarifa kumfikia mtu ni jambo jingine kabisa. Mpaka leo utamsikia mtu akielekezwa apeleke chakula chake TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, wakati mwaka 2019 usimamizi wa chakula ulihamishiwa TBS na taasisi ile ikabadilishwa jina ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Aliyetoa maelekezo hana nia mbaya. Ana habari iliyochacha. Na katika biashara habari iliyochacha hula nauli, hula siku nzima ya kazi, na wakati mwingine hula lebo elfu moja zilizokwisha kuchapwa na maneno yasiyotakiwa.

Pengo hili kwa sasa linazibwa na vijana wa steshenari. Kwa malipo kidogo watakufungulia akaunti BRELA na kukuandikia andiko. Siwalaumu hata kidogo. Bila wao wengi wangekwama barazani kwa afisa biashara. Lakini kazi ya haraka ina madhara yake. Nimeona andiko la kikundi cha ufugaji wa kuku ambalo ukurasa wa bajeti ulikuwa na vyerehani vinne, kwa sababu lilinakiliwa kutoka kwa kikundi cha ushonaji na hakuna aliyelipitia. Na nimeona zaidi ya mara moja mtu ana kampuni iliyosajiliwa lakini nywila ya akaunti yake anayo kijana aliyehamia mji mwingine. Kampuni ni yako, ufunguo huna.

Mkutubi aliyefunzwa vizuri anaingia hapo hapo. Ufundi wake mkubwa, ambao wengi wetu hatuujui kwa sababu tumezoea kumwona akigonga mhuri, ni kujua taarifa iko wapi, ni ya lini, na nani aliyeitoa. Na kabla ya hapo, ana ufundi wa kuuliza. Msomaji huja na swali lililofunikwa, naye anamsaidia kulifunua.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mna vitabu vya biashara?”

“Tunavyo. Mama unafanya biashara gani?”

“Nasaga unga lishe. Nataka kujua kama nikifungua na upande wa pili wa mji nitauza.”

Umeona kilichotokea. Alichoomba ni kitabu cha biashara, na kwenye rafu vipo, vingi kwa Kiingereza, vikieleza namna ya kuendesha kampuni ya watu mia tano. Alichohitaji ni idadi ya kaya katika kata mbili. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na majedwali yake yanashuka hadi ngazi ya kata. Mkutubi anayeyajua majedwali hayo anaweza kumwekea mama mbele yake, ndani ya dakika kumi, ukubwa wa soko analoliwazia. Wizara inayohusika na biashara hutoa bei za jumla za mazao makuu katika masoko ya mikoa. Ukiziweka mwezi kwa mwezi, mama anaona wazi mahindi hupanda lini na hushuka lini mkoani kwake. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya Vuli na kabla ya Masika. Mtu anayenunua magunia ana sababu ya kuusoma utabiri huo kuliko hata mkulima, kwa sababu mkulima ataiona mvua kwa macho.

Taarifa zote hizo zimelipiwa na kodi ya mama huyo huyo. Ila hajui kama zipo.

Kuna mstari ambao mkutubi hauvuki, na ni vizuri ujulikane mapema ili watu wasije wakalaumu. Hamwandikii mama andiko. Anamwonyesha mifano miwili mitatu, anamkalisha kwenye kompyuta, anamsaidia pale anapokwama, na mama anaondoka na andiko lake na nywila yake kichwani. Hamwambii kama biashara italipa. Hatoi ushauri wa sheria wala wa kodi. Anamwonyesha kanuni na ofisi ya kuulizia. Hakopeshi. Msaada wake ni mwembamba, lakini unagusa mahali ambapo hakuna mwingine anayegusa, kwa sababu benki inataka mteja, steshenari inataka malipo na ofisi ya serikali inataka fomu iliyojazwa. Maktaba pekee ndiyo isiyotaka chochote kutoka kwa aliyeingia.

Si jambo la kuiga

Ukiyasema haya mbele ya watu wa elimu, utajibiwa kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Ni kweli kwamba wenzetu wameanza zamani. Mwaka 1904 John Cotton Dana, mkutubi wa mji wa Newark, New Jersey, alifungua tawi la maktaba kwa ajili ya watu wa biashara, katikati ya mji wanakofanyia kazi. Mwaka 2006 British Library ikafungua London kituo cha biashara na hakimiliki bunifu, ambako mtu anapekua hataza, alama za biashara na taarifa za masoko bila kulipia. Baadaye kituo hicho kikazaa mtandao katika maktaba za miji kama Newcastle, Leeds, Manchester na Birmingham. Mfano ninaoupenda zaidi hauko mji mkubwa. Ni Jagodina, Serbia, ambako maktaba ya mji ilianza karibu na mwaka 2010 kuwahudumia wakulima wa vijiji vya jirani: wataalamu wa kilimo wanakuja kufundisha, kompyuta zinawekwa, na wakulima wanatangaza mazao yao kwenye soko la mtandaoni lililoanzishwa na maktaba. Wateja wa maktaba ile wanafanana na wa Njombe kuliko wanavyofanana na wa London.

Lakini sisi wenyewe tulikuwa na fikra hii, tena mapema. Mwaka 1968 serikali na UNESCO walianza mradi wa majaribio katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ukaitwa kisomo chenye manufaa. Jina lenyewe linasema. Mtu mzima alifundishwa kusoma kwa kitabu cha kazi yake: aliyelima pamba alisoma pamba, wa migomba alisoma ndizi, mvuvi alisoma uvuvi, mfugaji alisoma ng’ombe. Baada ya hapo zikaja maktaba za vijijini, ili aliyejua kusoma asisahau. Kusoma na kuzalisha vilikuwa kitu kimoja. Tulivitenganisha baadaye.

Namna vilivyotengana inaeleweka. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Shule zikaongezeka, nyingi bila maktaba zake, na meza za maktaba ya umma zikawa mahali pekee penye taa na utulivu pa kujisomea mtihani. Ingia leo maktaba ya mkoa wowote utawakuta: vijana wa kidato cha nne na cha sita, na wanachuo, kila mmoja ana daftari lake, wengi wao hawagusi kitabu cha maktaba hata kimoja. Wana haki ya kuwepo pale, na nchi inawahitaji. Ila fundi selemala akichungulia mlangoni anaona darasa, anarudi zake. Anaamini pale si mahali pake. Mpaka imani hiyo ivunjwe, hakuna kompyuta itakayomwingiza.

Rafu nazo zinamthibitishia. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya vitabu vyetu imekuwa ya msaada, hasa kutoka Uingereza, na msaada huja kwa lugha ya mtoaji. Nawashukuru waliotoa. Lakini mafunzo ya kusindika asali kwa Kiswahili, viwango vya vifungashio kwa lugha nyepesi na orodha ya wanunuzi wa ufuta havitafika ndani ya kontena kutoka ng’ambo. Vitu hivyo lazima vikusanywe hapa hapa, na anayeweza kuvikusanya ni mkutubi anayetoka mezani kwake kwenda SIDO, kwa afisa biashara na sokoni.

Na ipo huduma moja ya biashara ambayo Bodi ya Huduma za Maktaba inaifanya siku zote bila kuiita hivyo. Mwandishi anayejichapishia kitabu anapata kutoka kwao namba ya ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Bila namba hiyo duka la vitabu linasita kukipokea, na nje ya nchi hakitambuliki. Kwa mchapishaji ISBN ndiyo pasipoti ya bidhaa yake. Ukimuuliza mtu mitaani ni ofisi gani inasaidia biashara ya uchapishaji, hataitaja maktaba.

Tamko la maktaba za umma la mwaka 1994, la UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, liliorodhesha majukumu ya maktaba ya umma, na mojawapo lilikuwa kuwapa wenye biashara wa eneo husika, vyama na vikundi, taarifa wanazohitaji. Limeandikwa kwenye orodha moja na kuwazoesha watoto kusoma. Kwa hiyo mkutubi anayemsaidia mama wa unga hajaacha kazi yake akaingilia ya SIDO. Yuko kazini.

Daftari lisilo na safu ya tano

Nje ya maktaba moja niliyozoea kuitumia kuna meza, na juu ya meza kuna daftari kubwa lenye jalada gumu. Limepigwa mistari kwa rula: jina, mahali utokako, saa ya kuingia, saini. Kalamu imefungwa kwa uzi. Nimesaini humo mara nyingi, na kila mara nimejiuliza kwa nini hakuna anayetaka kujua nimefuata nini. Mwisho wa mwezi saini zinahesabiwa, jumla inapelekwa juu, na huko juu inaonekana kwamba watu wameongezeka au wamepungua. Kijana aliyekaa saa sita akisoma daftari lake la kemia na mama aliyetoka na idadi ya kaya za kata mbili wanahesabiwa moja, moja.

Kuhesabu vichwa kunapima shughuli, hakupimi faida, na wataalamu wa maktaba wamelijua hilo siku nyingi; tangu 2014 kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 16439, kinachoeleza namna ya kupima athari za maktaba kwa mtu na kwa jamii. Zipo njia tatu ambazo hutumika zaidi, na kila moja ina udhaifu wake.

Ya kwanza ni ya duka jirani: huduma hii nje ingeuzwa bei gani? Tuseme maktaba inahudumia wajasiriamali 8 kwa siku, kila mmoja anatumia kompyuta saa 2, na nje saa moja ni shilingi 1,000. Hizo ni 16,000 kwa siku, na kwa siku 250 za kazi ni milioni 4. Ongeza vitabu vilivyoazimwa kwa bei ya dukani, ongeza ukumbi uliotumiwa na kikundi. Maktaba nyingi za Marekani huweka kikokotoo cha namna hii, msomaji anajaza mwenyewe na kuona ameokoa dola ngapi. Ni njia nyepesi na hata diwani anaielewa papo hapo. Ubaya wake ni kwamba inachukulia kila aliyepewa bure angenunua. Mama wa unga asingenunua takwimu za sensa kwa mtu, kwa kuwa hakujua kwamba ni kitu cha kununuliwa.

Ya pili ni kuwauliza watu wanaithamini maktaba kiasi gani: ungekuwa tayari kulipa ngapi ili isifungwe, ungetaka ulipwe ngapi ili ukubali kuikosa, unatumia muda na nauli kiasi gani kuifikia. British Library ilifanya hivyo, na mwaka 2004 ikatangaza kwamba thamani yake kwa nchi ni pauni milioni 363 kwa mwaka, wakati serikali inaipa milioni 83. Yaani kila pauni 1 ya umma inaleta pauni 4.40. Njia hii ina uzuri mmoja mkubwa: inawauliza na wasioingia maktaba. Mtu anaweza asikanyage pale miaka kumi na bado akataka iwepo kwa ajili ya wajukuu. Lakini maneno ya mdomoni hayana risiti, na pale ambapo kipato ni kidogo, swali la “ungelipa ngapi” hupima mfuko wa mtu zaidi ya linavyopima thamani ya kitu. Ukimuuliza mama lishe atasema mia tano. Je, maktaba ina thamani ya mia tano kwake? Kwangu hilo ni swali lisilofaa kuulizwa hivyo katika miji yetu.

Ya tatu ni kuwafuatilia waliosaidiwa. Mtandao ule wa Uingereza ulitoa ripoti mwaka 2019 ikisema kwamba ndani ya miaka mitatu ulisaidia kuanzishwa kwa biashara zaidi ya 12,000, asilimia 55 ya waanzilishi wakiwa wanawake, na kwamba kila pauni 1 ilirudisha pauni 6.95. Hiyo asilimia 55 inanigusa kuliko zile pauni. Inaonyesha nani anaingia pale ambapo mlangoni haulizwi ana dhamana gani.

Hata hivyo njia ya tatu ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko zote. Je, biashara hizo zisingeanzishwa bila maktaba? Baadhi zingeanzishwa. Je, mteja aliyehamia kwenye duka jipya hakutoka kwa duka la zamani la mtaa uleule? Huenda. Mama wa unga alisaidiwa na maktaba, na SIDO, na dada yake aliyemkopesha laki mbili, na mwenye supamaketi aliyekubali kumpokelea katoni tatu za majaribio. Kila mmoja akijiandikia mafanikio yote, mfuko mmoja wa unga utakuwa umehesabiwa mara nne kwenye ripoti nne. Maktaba inayotaka kuaminika inaandika sehemu yake tu: tulimpatia takwimu hizi, akafanya uamuzi huu. Ukweli mdogo ulioandikwa vizuri hauvunjwi kirahisi na mkaguzi.

Na bado Carlson angewatoka. Ukimfuatilia msomaji kwa miezi sita, huwezi kuiona mashine inayokuja baada ya miaka 21. Ndiyo maana nadhani tarakimu peke yake haitoshi, na wakutubi wetu wangepaswa kutunza kumbukumbu za maneno pamoja na za hesabu: nani, kwa ruhusa yake, alikuja na swali gani na likaishia wapi.

Anayelima na anayevuna

Kuna jambo jingine linalofanya thamani hii ipotee, nalo halihusiani na vipimo. Linahusu mfuko gani unalipa. Kwetu Tanzania huduma za maktaba za mikoa zinaendeshwa na Bodi iliyo chini ya wizara ya elimu. Biashara ya mama ikikua, leseni inalipwa halmashauri, ushuru wa huduma unalipwa halmashauri, kodi inakwenda TRA. Wizara ya elimu inapohojiwa bungeni inaulizwa ufaulu, haiulizwi idadi ya leseni mpya mkoani Tabora. Kwa hiyo anayegharimia maktaba haoni mavuno yake, na anayevuna hajui kwamba kuna shamba. Ukimwomba mkurugenzi wa halmashauri achangie intaneti ya maktaba, atakwambia, kwa haki kabisa, kwamba hilo ni la wizara.

Kenya wamejaribu mkondo mwingine. Katiba ya 2010 iliweka maktaba katika orodha ya majukumu ya kaunti, na kaunti hiyo hiyo ndiyo inayotoa vibali vya biashara. Kwa karatasi, mlipaji na mvunaji ni mmoja. Kwa vitendo, maktaba imejikuta kwenye foleni moja na hospitali na barabara, na katika foleni hiyo asiye na hesabu mkononi husukumwa nyuma. Mpangilio mzuri haumwokoi mkutubi asiyeweza kuonyesha alichofanya.

Lipo pia la kuogopa, nami naliogopa kweli. Maktaba ikishajua kwamba biashara inawafurahisha watoa fedha, inaweza kuanza kumpima kila msomaji kwa shilingi. Mtoto anayesikiliza hadithi Jumamosi haongezi mapato ya halmashauri. Mzee anayesoma gazeti la jana hana andiko la mradi. Kuna maktaba ambazo, kwa kubanwa na ukata, zimepangisha ukumbi na kuta za nje kwa wenye fremu, kisha zikaita hiyo kusaidia biashara. Kupangisha ni kupangisha. Kunaweza kulipa umeme, lakini mpangaji hajasaidiwa chochote na ujuzi wa mkutubi, na meza zilizoondolewa zilikuwa za watu. Thamani ya kibiashara ya maktaba inatoka mahali pale pale inapotoka thamani yake kwa mtoto na kwa mzee: mlango haubagui. Carlson aliingia kwa sababu wote waliruhusiwa kuingia.

Sasa turudi kwenye daftari. Nimelifikiria sana, na naamini badiliko la kuanzia si la fedha. Safu ya tano, ya kuandika msomaji amefuata nini, isiwekwe kwenye daftari la mlangoni, kwa sababu lile linasomwa na kila anayesaini baada yako, na mtu aliyekuja kuangalia kama jina la sabuni yake limesajiliwa na mwingine hataki jirani ajue. Iwekwe kwenye daftari dogo la pili, mezani kwa mkutubi, linalofungwa kwenye droo jioni. Haliandiki jina ila kwa aliyekubali apigiwe simu baada ya miezi sita. Linaandika swali kama lilivyoulizwa, swali kama lilivyokuwa baada ya kufunuliwa, kilichotolewa, na kama kilitosha. Lisipotosha linaandika hilo pia, kwa sababu orodha ya maswali yaliyokosa majibu ndiyo orodha ya vitabu vya kununua mwaka ujao, na ndiyo barua nzuri kuliko zote ya kumpelekea mkurugenzi wa halmashauri.

Ukurasa wake wa kwanza ungekuwa hivi: Jumanne, saa 4:20 asubuhi. Ameomba kitabu cha biashara. Anahitaji idadi ya kaya, kata mbili, na bei ya soya ya miezi 12. Kaya amepata. Soya hatuna, nimepiga simu kwa afisa biashara. Atarudi Ijumaa.